Shahada ya upishi huku uko zamu jikoni: uzoefu wangu na mfumo wa nusu mtandaoni

Nimesoma shahada ya sanaa ya upishi kwa mfumo wa nusu mtandaoni, nusu darasani, huku nikifanya kazi ya muda wote jikoni. Chuo sikitaji, kwa sababu ninayoyaeleza yanahusu mfumo wenyewe. Nadharia husomwa kwenye intaneti. Vitendo hufanyika kwa awamu za siku kadhaa katika jiko la chuo. Kati ya awamu hizo unapika ulipo, unarekodi video, unaipakia, na mwalimu anaikosoa. Saa za kazini huhesabiwa kama mafunzo kwa vitendo iwapo msimamizi amesaini daftari.

Kwa aliye tayari jikoni, masomo haya yana faida kubwa, ila faida hiyo haiko pale wengi wanapoitafuta. Wepesi wa mkono utaupata kazini haraka kuliko chuoni. Kazini hakuna mwenye nafasi ya kukaa nawe akueleze kwa nini sosi imekatika, yaani mafuta yamejitenga, au kwa nini sahani inayouzwa sana ndiyo inayoleta hasara. Hayo mawili, sababu na hesabu, ndiyo niliyoyalipia, na sijuti.

Moduli ya hesabu za jikoni peke yake ingetosha kunirudisha darasani. Chukua karoti. Umenunua kilo 10. Baada ya kumenya na kukata ncha zimebaki kilo 8, yaani asilimia 80. Sasa unahitaji kilo 5 zilizo safi. Wapishi wengi, na wazoefu wamo, huongeza asilimia 20 juu ya 5 na kuagiza kilo 6. Watapungukiwa. Asilimia 80 ya 6 ni kilo 4.8 tu. Hesabu sahihi ni kugawanya: 5 kwa 0.8, unapata kilo 6.25. Gharama nayo huenda hivyo hivyo: kilo iliyonunuliwa kwa 100 inakuwa kilo safi ya 125, si 120. Tofauti inaonekana ndogo mpaka ujumlishe viungo kumi vya sahani moja kwa mwezi mzima. Usinakili asilimia za kitabuni. Pima mwenyewe wakati wa maandalizi: uzito kabla, uzito baada, mara tatu kwa mizigo tofauti, kisha chukua wastani. Karoti changa na karoti kubwa hazitoi asilimia moja, na mkono wa mmenyaji nao una uzito wake.

Baada ya hapo bei ya sahani ni mgawanyo mwingine mwepesi. Viungo vikigharimu 90 na lengo ni viungo visizidi asilimia 30 ya bei, gawanya 90 kwa 0.3, bei ni 300. Kinachosahaulika karibu kila mara ni mafuta ya kukaangia, vipambo na chakula kinachorudi jikoni. Mwalimu alikata alama kwa hivyo vyote, na alikuwa na haki.

Kuongeza kipimo cha mapishi ndiko kulikonifungua macho zaidi. Mapishi ya watu 12 kwa gramu 180 kila mmoja ni gramu 2,160. Ukitaka watu 40 kwa gramu 150 ni gramu 6,000, hivyo zidisha kila kiungo kwa 2.78. Hapo ndipo kazi inapoanza, kwa maana si kila kitu kinafuata kizidishi. Maji hupotea kupitia uso wa sufuria. Ukijaza ujazo mara tatu katika sufuria ile ile, uso haujaongezeka, kwa hiyo mvuke unaotoka kwa saa haupandi mara tatu na mchuzi unabaki mwepesi. Anza na kimiminika pungufu, ongeza baadaye. Chumvi na pilipili weka robo tatu ya hesabu kwanza, onja, kisha malizia.

Kwa mkate kuna njia safi kuliko zote: unga ni 100, vingine vyote ni asilimia ya unga. Maji 65, chumvi 2, hamira ya papo hapo 1, jumla 168. Unataka vinyunya 20 vya gramu 500, yaani gramu 10,000? Gawanya kwa 1.68. Unga gramu 5,952, maji 3,869, chumvi 119, hamira 60. Ukishazoea, unasoma mapishi ya mtu mwingine kwa kuangalia namba tu na kujua unga utakuwa laini au mgumu.

Usalama wa chakula nilidhani naujua. Nilichokijua ni amri. Sababu zake nilizipata darasani. Chakula kilichopikwa kishuke kutoka nyuzi 57 hadi 21 ndani ya saa 2, kisha hadi 5 ndani ya saa 4 zinazofuata. Hatua ya kwanza imebanwa zaidi kwa sababu katika joto hilo la kati ndipo bakteria huzaana kwa kasi kubwa. Sufuria ya lita 20 ikiingizwa friji ikiwa nzima, katikati hubaki na uvuguvugu kwa saa nyingi, na joto lake huhamia kwenye vyakula vya jirani. Mwaga kwenye trei kwa kina kisichozidi sentimita 5, au weka sufuria ndani ya beseni la maji ya barafu na ukoroge, huku ukiandika joto na saa. Kabla ya yote, jaribu kipimajoto kwenye barafu iliyopondwa yenye maji kidogo; kisiposoma 0, kirekebishe au kitupe. Viwango vya sheria hutofautiana kidogo kati ya nchi na nchi, lakini bakteria ni wale wale.

Video za vitendo ndizo zinazoangusha watu wa kazini, nami ziliniponza. Mkato wa vijiti ni milimita 3 kwa 3, urefu sentimita 5 hadi 6. Ukikata vijiti hivyo tena unapata vipande vya mchemraba wa milimita 3. Vipande vidogo ni 6, vya kati 12, vikubwa 20. Katika huduma, kijiti cha milimita 5 hupita bila mtu kusema neno. Mbele ya mwalimu hakipiti. Kosa kuu ni kuruka hatua ya kuichonga mboga iwe na pande bapa nne kabla ya kukata vibao. Duara halitoi vijiti sawa hata mkono uwe mwepesi vipi. Kosa la pili ni kisu butu, kinachoponda na kuteleza. Jiwe la kunolea la namba 1000 kisha la 6000 lililo laini zaidi, kwa pembe ya nyuzi 15 hadi 20, linatosha kabisa. Katika kurekodi, weka simu juu ya ubao kwa mshazari, rula ionekane kwenye fremu, namba za mizani zisomeke, na usikate video katikati. Zangu mbili zilirudishwa kwa sababu rula haikuonekana, si kwa sababu ya mkato.

Sosi ya holandezi, ile ya viini vya mayai na siagi, inastahili aya yake. Kiini kimoja kikubwa cha yai hubeba takriban gramu 75 hadi 85 za siagi iliyosafishwa. Joto la viini libaki chini ya nyuzi 65, la sivyo vinaanza kuganda kama mayai ya kukoroga. Siagi iingie kwa matone mwanzoni, kisha kama uzi. Ikikatika kwa sababu siagi ilikuja haraka, piga kiini kipya na kijiko cha maji ya uvuguvugu kwenye bakuli safi, kisha rudishia sosi iliyokatika kidogo kidogo. Ikiwa nzito na inaanza kung'aa mafuta pembeni, kijiko cha maji ya uvuguvugu mara nyingi hutosha. Ukiona chembe za yai lililoiva, anza upya. Kuchuja hakurudishi ulaini wote. Kazini tuliiokoa kwa mazoea. Sasa najua tulikuwa tunaokoa nini.

Udhaifu wa mfumo huu ni kwamba umepangwa na watu wenye wikendi. Kazi nyingi zilitakiwa Jumapili usiku, saa ambazo jiko la mgahawa linawaka. Dawa niliyoiona inafaa ni kuomba mapumziko ya Jumatatu na Jumanne na kukabidhi kazi mapema, Jumanne kabla ya wikendi inayodaiwa. Zamu ya maandalizi ya asubuhi inafaa kuliko ya jioni, kwa maana kusoma baada ya kufunga jiko ni kutazama maandishi tu. Moduli mbili kwa muhula zilinila saa 10 hadi 12 kwa wiki. Tatu pamoja na saa 40 za kazi sizipendekezi kwa yeyote: kinachokatwa kwanza ni usingizi, na mpishi asiyelala yuko karibu na visu na mafuta ya moto.

Viungo vya mazoezi havimo kwenye ada. Uliza kabla, maana zoezi moja la supu ya mifupa linaweza kudai kilo 2 za mifupa kwa takriban lita 3 za maji, na zoezi la sosi linakula siagi. Kutumia malighafi ya kazini bila ruhusa ni kujitafutia kufukuzwa. Omba kwa maandishi, na usirekodi wakati wa huduma wala sura za wateja.

Kinachofanya kazi na masomo visaidiane ni kuoanisha kituo na moduli. Muhula wa sosi, omba kituo cha sosi. Muhula wa mikate, omba tanuri. Mpishi mkuu mwenye busara hukubali, kwa kuwa anapata mtu anayesoma kazi yake. Nilipokaa kituo kisichohusiana na moduli, nilisoma mara mbili kwa matokeo nusu.

Daftari la saa lijazwe kila siku na lisainiwe kila wiki, kwa sababu wasimamizi huhama na saini ya muhula mzima haipatikani baadaye. Maneno kama "nilipika na kusafisha" hurudishwa. Andika "supu ya kuku lita 12, imepozwa kutoka nyuzi 57 hadi 21 kwa dakika 70, asilimia ya kuku baada ya kutoa mifupa imeandikwa". Kama una miaka kadhaa jikoni, uliza kabla ya kulipa ada ya kwanza iwapo uzoefu huo unahesabiwa kama alama za masomo. Mara nyingi ni kwa mtihani wa vitendo, na ukishaanza moduli husika mlango huo hufungwa.

Na dai ratiba ya awamu za vitendo ya mwaka mzima kabla hujajisajili, si ya muhula mmoja. Likizo ya siku tano mfululizo haiombwi wiki mbili kabla kwenye jiko lenye wapishi wanne.