Kliniki ya moyo ya Jumanne: foleni ndefu, karatasi moja ya maana

Nilichukua namba saa moja kasoro asubuhi, nikapata ya 47, nikaitwa saa sita mchana. Nalisema mapema, asije mtu kunilaumu.

Mimi ni fundi cherehani wa Mbagala, miaka 58. Mwaka jana nilipata shambulio la moyo nikiwa nakata suti ya bwana harusi. Niliporuhusiwa hospitali presha ikatulia, lakini cherehani sikuigusa. Nakaa barazani, simu inaita naitazama tu. Usingizi unakatika saa tisa usiku, ndiyo basi hadi adhana. Dawa leo nameza, kesho naacha, nasema za nini. Nyumbani wengine wakasema uzee, wengine wakasema nimetupiwa kitu.

Nilikopita kwanza walikuwa wananipima presha, muhuri, nenda. Hapa muuguzi, binti mdogo tu, baada ya shikamoo akatoa karatasi ya maswali tisa. Yote yanahusu wiki mbili zilizopita: hamu ya kufanya mambo, usingizi, chakula, kujiona hufai. Kila jibu lina alama, 0 kama hakuna, 3 kama ni karibu kila siku. Ukijumlisha, juu kabisa ni 27. Mimi nilipata 14.

Daktari akaiweka sambamba na kipimo changu cha umeme wa moyo. "Baba, hii ni sonona, ugonjwa wa huzuni nzito na kukosa hamu, na moyo wako unaijua." Akasema kati ya watu watano waliopata shambulio la moyo, mmoja hivi huangukia humo, na akiachwa hivyo hatari ya moyo kumrudia inaongezeka. Dawa anaziruka, hatembei, halali, homoni za msongo hazishuki, hata damu inakuwa rahisi kuganda. Pale kwenye kuruka dawa niliangalia viatu vyangu.

Nilihofia dawa ya sonona itagombana na zile za moyo. Akanieleza kwamba setralini, dawa ya sonona aliyoniandikia, ilishajaribiwa kwa wagonjwa wa aina yangu, majibu yakatoka 2002, na moyo haikuudhuru. Nikaanza na nusu kidonge, pamoja na kutembea hadi sokoni na kurudi kila asubuhi. Dirishani kwao dawa yenyewe haikuwepo, nikanunua nje.

Lawama yangu kubwa ni pazia. Maswali yanaulizwa nyuma ya pazia, na pazia halizuii sauti. Swali la tisa linauliza kama umewaza kwamba ni heri ufe. Upande wa pili kulikuwa na mama anajipepea kwa bahasha ya eksirei. Nikasikia bahasha imetulia. Nikajibu 0. Haikuwa 0.

Niliporudi mwezi uliofuata niliomba nijaze mwenyewe. Binti akanipa kalamu, hakuuliza kitu. Siku hiyo daktari alikaa na mimi nusu saa nzima, foleni ikanung'unika huko nje.

Nyota nne. Ya tano nitawapa wakijenga ukuta penye lile pazia.