TAHADHARI: Anayeuza "tabo za Japani" kwa wenye 1HZ hapa Arusha

Ndugu zangu wenye Land Cruiser zenye injini ya dizeli ya 1HZ, hasa mnaobeba mzigo, someni hili kabla hamjatuma hela.

Kuna mtu anauza tabo, yaani kile kifaa cha kuisukumia injini hewa zaidi ipate nguvu, kwenye magrupu ya magari ya hapa Arusha. Hana duka. Mnakutana sheli, anafika na boksi kwenye buti, risiti hatoi, na laini za simu anabadilisha. Nilimpa shilingi 2,300,000, tabo pamoja na ufundi. Leo injini yangu iko chini, imefunguliwa.

Mimi nabeba vitunguu kutoka Mang'ola kuja soko la Kilombero. Kile kipande cha kupandisha kutoka bonde la Eyasi hadi Karatu, ukiwa na mzigo, 1HZ inalia gia ya pili mpaka unaionea huruma. Kwa hiyo aliponiambia, "Bosi wangu, 1HZ na 1HD-T ni injini moja, yako imekosa tabo tu," nikamwamini.

Ni uongo, na ndio uongo anaouzia. Zote ni silinda sita, lita 4.2, sawa. Lakini 1HD-T ilitoka kiwandani na tabo: mgandamizo wake, yaani hewa inavyobanwa ndani ya silinda, ni 18.6 kwa 1, na nozeli inapuliza dizeli moja kwa moja juu ya pistoni. 1HZ mgandamizo wake umepita 22 kwa 1, na dizeli inaanza kuwaka kwenye kichumba kidogo ndani ya silinda hedi. Ukiishindilia hewa na kufungua pampu ya dizeli bila kipimo, joto linapanda mpaka pistoni au hedi inapasuka. Wapo wanaofunga tabo kwenye 1HZ na gari likadumu, ila wanaweka presha ndogo, kama psi 7 hadi 10, na geji ya joto la ekzosi mbele ya dereva. Huyu hakuweka geji hata moja. Nilipomuuliza anapimaje mafuta ya pampu, akasema anasikiliza mlio.

Na tabo yenyewe! Ilikuwa inang'aa rangi ya fedha, "imeshuka kwenye kontena juzi." Niliitingisha shafti, haikucheza, ila ilikuwa na grisi nzito. Hapo ndipo ningeshtuka, maana shafti ya tabo inaelea kwenye oili, haipakwi grisi. Grisi inaficha kulegea, kwa hiyo ifute kwanza, ndipo uitingishe. Angalia pia bolti: kwenye yangu rangi ilikuwa imefunika makovu ya spana ya mtu aliyekwisha kuifungua.

Siku ya tatu, napandisha, moshi wa bluu ukafunika barabara nyuma yangu. Nikatoa mguu, injini ikazidi kupiga kelele. Nikazima swichi, haikuzima. Sili ya tabo ilikuwa imeachia, injini inakunywa oili yake yenyewe kupitia njia ya hewa. Nikakanyaga breki kwa nguvu zote, nikaweka gia ya nne, nikaachia klachi mpaka ikafa. Ikikukuta kwenye gari la manyuo, la gia za mkono, fanya hivyo hivyo, au ziba mdomo wa hewa kwa ubao. Mkono usipeleke hapo. Utingo wangu alikuwa amesharuka. Yuko salama, namshukuru Mungu kwa hilo kuliko yote.

Fundi alipofungua, pistoni mbili zimepasuka, na ndani ya tabo bawa la feni yake limekwangua ukuta likaacha alama nyeupe kama mwezi mwandamo. Nilipompigia muuzaji akasema nimekanyaga sana. Tangu hapo hapatikani.

Nimeshafungua kesi polisi, RB ninayo. Jina lake siliandiki hapa kwa sababu shauri liko mikononi mwao. Kama umeuziwa tabo iliyopakwa rangi ya fedha, mkakutana sheli, na bado hujaifunga, usiifunge. Ihifadhi na boksi lake na meseji za malipo, kisha niandikie faragha twende kituoni pamoja. Polisi wamenieleza kuwa tukiwa zaidi ya mmoja itasaidia.