Ramani Tatu za Kifaa cha GPS kwa Barabara za Tanzania

Anayenunua kifaa cha GPS cha kubandika kwenye kioo cha gari huangalia upana wa skrini, uwezo wa betri na bei, ilhali kitakachomfikisha aendako ni ramani iliyomo ndani yake na tarehe ilipotengenezwa. Setilaiti humsaidia mtu kujua mahali alipo tu. Hazijui kama mbele yake kuna daraja, kivuko au barabara iliyokatwa na mvua. Kwa sababu hiyo tathmini hii inaviacha vifaa vyenyewe na kulinganisha ramani tatu ambazo dereva wa Tanzania anaweza kuziweka kwenye kifaa cha Garmin: ramani ya kampuni hiyo yenyewe, ramani ya Tracks4Africa kutoka Afrika Kusini, na zile za bure zinazotokana na OpenStreetMap. Mfumo wa ramani uliokuja na gari lililotumika kutoka Japani, ule unaoomba kadi kwa maandishi ya Kijapani kila unapowasha gari, haumo humu, kwa kuwa ramani yake ni ya Japani na hakuna sasisho litakaloigeuza kuwa ya Tanzania.

Ramani ya Garmin ina unadhifu wa bidhaa ya kiwandani. Unaunganisha kifaa na kompyuta kwa waya wa USB, unafungua programu ya Garmin Express, nayo inakagua kama kuna toleo jipya na kulipakua. Baadhi ya vifaa vipya hufanya kazi hiyo kwa Wi-Fi bila kompyuta. Faili hufikia gigabaiti kadhaa, kwa hiyo asiye na intaneti ya uhakika ajiandae kwa bando kubwa na umeme usiokatika. Tatizo liko kwenye ukanda. Kifaa kilicholetwa na ndugu kutoka Uingereza kina ramani ya Ulaya, na ahadi ya masasisho ya bure iliyoandikwa kwenye boksi inahusu ukanda huohuo. Ramani ya Afrika ni lazima inunuliwe kando. Hata hiyo ahadi ya “maisha yote” isomwe kwa makini. Mwaka 2018 wateja wa TomTom, mshindani wa Garmin, walitangaziwa kwamba baadhi ya vifaa vya zamani havitapata tena ramani mpya, na ikabainika kwamba maisha yaliyokusudiwa ni ya kifaa, tena kwa makadirio ya kampuni, wala si ya mwenye kifaa.

Ramani za OpenStreetMap ndizo ninazozipa nafasi ya kwanza kwa mtu anayezunguka mijini na vijijini. Mradi huo ulianzishwa Uingereza mwaka 2004, na kila mtu anaruhusiwa kuchora na kurekebisha. Hapa kwetu ulipata nguvu kubwa kupitia Ramani Huria, kazi iliyoanza mwaka 2015, ambapo wanafunzi wa vyuo na wakazi wa Dar es Salaam walichora mitaa yao, mifereji na maeneo yanayofurika. Ndiyo maana ukikuza ramani hiyo juu ya Tandale au Manzese unaona vichochoro ambavyo ramani nyingi za biashara huviacha kama doa la kijivu. Faida yake kubwa zaidi ni kasi ya masasisho. Daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa mwezi Juni 2025 ni kipimo kizuri: ramani ya kabla ya hapo itampeleka dereva wa Geita kwenye kivuko, na ikiwa amezuia vivuko kwenye mipangilio, itamzungusha kusini mwa ghuba la Mwanza safari nzima isiyo na sababu. Vivyo hivyo, kwa ramani iliyotangulia mwaka 2022, anayevuka Daraja la Tanzanite hukiona kile kigari cha kwenye skrini kikielea juu ya rangi ya buluu huku sauti ikimhimiza ageuze. Katika OpenStreetMap mabadiliko ya namna hii huingizwa na yeyote aliyeyaona, na data za Tanzania hutolewa upya kila siku kwenye tovuti ya Geofabrik, ingawa faili zilizokwisha kuandaliwa kwa ajili ya Garmin huchelewa kidogo.

Kuiweka si kazi ngumu. Faili hupewa jina gmapsupp.img na kunakiliwa ndani ya folda inayoitwa Garmin kwenye kadi ya kumbukumbu. Vifaa vya zamani havitambui jina lingine kwenye kadi. Baada ya hapo izimwe ramani ya kiwandani kwenye mipangilio, vinginevyo mbili hizo hulaliana na moja kuifunika nyingine. Udhaifu uko kwenye utafutaji wa anwani: vibao vya mitaa na namba za nyumba zilizowekwa wakati wa operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022 havimaanishi kwamba kifaa kitaipata nyumba hiyo ukiandika namba yake. Tafuta kwa jina la shule, zahanati au kituo cha mafuta, au weka alama mwenyewe. Muda wa kufika nao huwa na matumaini mengi mno, kwa kuwa mara nyingi hukadiriwa kwa hadhi ya barabara, kuu au ndogo, bila kujali kama ni lami au tope.

Hapo ndipo Tracks4Africa inapostahili bei yake. Ramani hiyo ilijengwa kwa nyayo za GPS walizozituma wasafiri waliopita njia hizo wenyewe, na muda wa safari unatokana na mwendo halisi wa magari yao. Kwa anayekwenda Ruaha au Katavi, mageti ya hifadhi, kambi na vituo vya mafuta vina thamani kuliko vichochoro vya mjini. Kwa matumizi ya Dar es Salaam peke yake ni fedha iliyopotea.

Simu janja yenye programu ya Organic Maps au OsmAnd hutumia data hizohizo za OpenStreetMap bila intaneti, na kwa wengi inatosha. Kifaa maalumu kinabaki na nafasi kwa dereva wa masafa marefu ambaye simu yake hupata joto juani kwenye dashibodi hadi kuzima, au anayehitaji simu hiyo kwa mambo mengine.

Anayenunua kilichotumika akague mambo mawili dukani. Kwanza programu endeshi, maana GPS hupata tarehe kwa kuhesabu wiki, na hesabu hiyo ilirudi sifuri tarehe 6 Aprili 2019 na baadhi ya vifaa ambavyo havikusasishwa vilianza kuonyesha tarehe zisizo sahihi. Pili, afungue ukurasa wa taarifa za ramani asome jina na mwaka wake. Fundi akitoza fedha kwa “ramani mpya ya Afrika” na ukurasa huo ukaonyesha OpenStreetMap, hapo mteja analipia kazi ya kunakili tu, na bei ijadiliwe hivyo.