Kiti mwendo cha magurudumu matatu: kinahimili milima ya Mbeya na Njombe?

Kwa mtu anayekaa kwenye kiti kutwa na kutoka nje ya geti kila siku, awe Uyole, Tukuyu au Makambako, kinahimili, na ndicho tungemchagulia. Kile cha kukunjwa cha kitambaa cheusi, tunachokijua wote kutoka wodini, ni cha sakafu laini na mhudumu wa kusukuma. Kwenye kokoto, vigurudumu vyake vya mbele, vidogo na vigumu, huzama au kugota kwenye jiwe, na aliyekaa hurushwa mbele.

Cha matatu kina gurudumu moja la mbele lililosogezwa mbele kabisa, mbali na ekseli ya nyuma. Shirika la Motivation la Uingereza, lililoanzishwa mwaka 1991, ni miongoni mwa waliousambaza sana muundo huu. Kwa kuwa uzito wa mtu umekaa karibu na magurudumu makubwa ya nyuma, la mbele hubeba kidogo na hupanda juu ya mizizi na makorongo madogo bila kukwama. Halafu magurudumu yote matatu hugusa ardhi hata pasipo sawa. Cha manne, pakiwa na bonde, moja huning'inia na kiti huanza kuchezacheza.

Kasoro zipo. Kiti ni kirefu, hivyo choo chenye mlango mwembamba na chumba kilichojaa samani ni shida. Gurudumu la mbele huzuia kusogea karibu na meza. Kuhamia kitandani kunafanyika kwa ubavu tu. Kubwa zaidi ni mteremko wa ubavuni: ukikatiza kilima huku umeinama mbele na kuelekea chini, kiti hupinduka upande huo, maana mbele hakina gurudumu la kona la kukizuia. Kwenye mteremko, nenda moja kwa moja juu au chini. Kwa anayeishi na kufanya kazi ndani, ofisini au dukani, cha manne kilichopimwa vizuri bado ni bora.

Kimepimwa vizuri, ndilo neno. Misaada mingi hufika ikiwa saizi moja, upana wa inchi 18, na mtoto wa miaka tisa anakalishwa humo akiegemea ubavu mpaka mgongo unapinda. Upana wa kiti uwe sawa na upana wa nyonga. Kina chake kiwe urefu wa paja ukitoa sentimita 3 hadi 6, ili ukingo usibane nyuma ya goti. Kikanyagio kikiwa chini mno, miguu huning'inia na mtu huteleza mbele. Kikiwa juu mno, uzito wote huhamia kwenye mifupa ya makalio. Mkono ukiwekwa juu kabisa ya gurudumu la nyuma, kiwiko kikunje pembe mraba. Mafundi waliosomea upimaji huu wapo. Chuo cha mafundi wa viungo bandia na vifaa saidizi, TATCOT, pale hospitali ya KCMC Moshi kinawafundisha. Anza na kitengo cha utengamao (mazoezi ya viungo na vifaa saidizi) cha hospitali yako, uulize.

Mto wa kukalia ni muhimu kuliko rangi na chapa ya kiti. Asiyehisi makalio akikaa juu ya kitambaa kitupu, au sponji iliyokwisha kulala, atapata kidonda ambacho kinaweza kumlaza miezi, na kikiingia maambukizi kinaua. Sponji nzuri ina tabaka gumu chini, laini juu, na shimo kidogo mahali pa mifupa ya makalio. Ipime hivi: mtu akiwa amekaa, ingiza vidole chini ya mfupa wa kalio, juu ya mto. Ukiweza kuvichezesha juu na chini, ni salama. Vikibanwa kabisa, mto huo haufai. Osha sponji, ikamue, ianike kivulini, kwani jua huifanya ikatike. Kwa ukungu wa Rungwe itachukua siku, kwa hiyo nunua mto wa pili.

Mto hauondoi kazi ya mtu mwenyewe. Kila dakika 20 hadi 30 ainame mbele au aegemee upande mmoja, kisha mwingine, breki zikiwa zimefungwa na kiti kikiwa mahali tambarare. Jioni ngozi ikaguliwe kwa kioo. Alama nyekundu isiyofutika upesi maana yake asikalie sehemu hiyo mpaka ifutike.

Breki nyingi za viti hivi hubana tairi lenyewe. Tairi likipungua upepo, breki haishiki, na kwenye mtelemko wa Iringa mjini hilo si jambo la kupuuza. Bonyeza tairi kwa kidole gumba: likizama zaidi ya nusu sentimita, piga pampu. Kila wiki ondoa nyuzi, nywele na majani yaliyojisokota kwenye ekseli ya mbele, kaza nati, futa tope. Usirushie maji ya bomba kwenye beringi. Maji huosha grisi, kutu huingia, na gurudumu huanza kulia.

Juni na Julai, Makete na Njombe kukiwa kweli baridi, asiyehisi miguu asiwekewe jiko la mkaa karibu wala chupa ya maji ya moto mapajani. Ataungua bila kujua. Soksi nzito na blanketi vinatosha, ila blanketi lisifike kwenye spoki.

Kabla ya kulipa, uliza saizi ya tairi. Ya inchi 26 ya baiskeli ni rahisi kupata. Saizi za ajabu zitakufanya uagize mbali kila ukipata pancha. Dai tyubu za akiba na beringi za mbele zije na kiti. Na jaribu kukifungua palepale dukani: magurudumu ya nyuma yachomoke kwa kitufe na egemeo lilale, la sivyo hakiingii kwenye Hiace. Cha kufunguliwa kwa spana mbili kinakula muda, na konda wa Mbalizi hasubiri.