Vidonge vya ganda la zabibu: habari ya nzi imeelezwa nusu

Mwezi uliopita nilinunua chupa ya vidonge sitini vya ganda la zabibu katika duka moja la virutubisho hapa Dodoma mjini, kwa shilingi 45,000, baada ya kusoma kipeperushi kilichobandikwa kaunta kikidai kwamba resveratroli iliyomo, yaani kemikali ya asili ya ganda la zabibu, imethibitishwa kurefusha maisha ya nzi wa matunda. Mimi ni mwalimu wa baiolojia na nzi hao nawafuga darasani katika chupa za jemu zenye ndizi mbivu, hivyo dai hilo ndilo lililonifanya nitoe fedha. "Mama, wanasayansi wamehakikisha," aliniambia kijana muuzaji, kwa adabu na kwa imani kabisa.

Ufungaji ni mzuri: lakiri ilikuwa nzima na tarehe ya mwisho wa matumizi inasomeka. Nilipopasua kapsuli moja juu ya karatasi nyeupe nilikuta unga wa zambarau iliyofifia, wenye ukakasi ulimini kama wa ganda la zabibu nyekundu za huku kwetu. Hata hivyo, lebo haisemi kila kapsuli ina miligramu ngapi za resveratroli, na hiyo ni kasoro kubwa.

Ni kweli kwamba mwaka 2004 watafiti waliripoti kuwa resveratroli iliwaongezea nzi hao maisha. Kipeperushi kinaishia hapo, ilhali mwaka 2007 watafiti wengine walirudia majaribio kwa nzi wale wale na hawakuona ongezeko la kutegemewa. Anayeuza dawa kwa sifa za nzi anapaswa kumweleza mteja habari zote mbili.

Kinachonisikitisha zaidi ni kwamba upo ushahidi ulio imara kuliko huo, nao hauhusu zabibu hata kidogo. Mwaka 2001 watafiti wa University College London walionyesha kuwa nzi wenye hitilafu katika jeni iitwayo chico waliishi muda mrefu zaidi, ongezeko likifikia asilimia 48. Jeni hiyo hutengeneza protini inayopitisha ujumbe wa insulini ndani ya seli. Ujumbe huo ukipungua, protini nyingine iitwayo FOXO huingia katika kiini cha seli na kuamsha jeni zinazoulinda mwili. Lakini nzi ambao nakala zao zote mbili za chico ni mbovu huwa wadogo kwa umbo, na majike yao ni tasa. Mteja anayeahidiwa umri mrefu kwa mfano wa nzi ana haki ya kuyajua hayo pia.

Nilirudi dukani kueleza haya, na kijana yule alinisikiliza hadi mwisho, ingawa fedha hazikurudishwa kwa kuwa lakiri ilikuwa imekwisha kuvunjwa. Naipa bidhaa hii nyota mbili kati ya tano, kwa ajili ya ufungaji na huduma. Nitaongeza ya tatu siku lebo itakapotaja miligramu na kipeperushi kitakapotaja majaribio ya 2007.