Sindano za kuhuisha viungo: thamani yake niliiona kwenye uchunguzi

Nilifika katika kliniki hii nikiwa na maumivu sugu ya kiuno, goti la kulia lililovimba kila nilipopanda ngazi, na picha za MRI ambazo niliamini zimeshatoa hukumu. Daktari hakuanza na picha. Aliniinamisha, akanisimamisha kwa mguu mmoja, akabonyeza kiuno hatua kwa hatua mpaka akayaamsha maumivu yaleyale niliyoyazoea. Ndipo alipozifungua picha na kunieleza kwamba diski iliyochakaa, yaani kifuko kilicho kati ya pingili za uti wa mgongo, ambayo ripoti iliitaja kwa maneno ya kutisha, huonekana hata kwa wasioumwa: mapitio ya tafiti ya mwaka 2015 yaliikuta kwa asilimia 37 ya watu wa miaka 20 wasio na maumivu, na kwa asilimia 96 ya wale wa miaka 80. Chanzo cha maumivu yangu, kwa maoni yake, kilikuwa kiungo cha sakroiliaki, pale uti wa mgongo unapokutana na nyonga. Kwa saa hiyo moja ya uchunguzi ningelipa tena bila kusita.

Kiunoni nilichomwa maji ya sukari ya deksitrosi, ambayo hukusudiwa kuchokoza kano zilizolegea ili mwili uzikarabati, huku sindano ikiongozwa kwa eksirei ya papo hapo. Kwa goti alitumia ultrasaundi, isiyo na mionzi, nami niliiona ncha ya sindano kwenye skrini ikiingia ndani ya kiungo. Dawa yenyewe ilikuwa damu yangu, iliyozungushwa kwenye mashine ili kupata plazima, yaani majimaji ya damu, yenye chembe sahani nyingi, zile zinazosaidia damu kuganda. Nilikatazwa kumeza diklofenaki au ibuprofeni kabla na baada, kwa kuwa dawa hizo huzima uvimbe ambao tiba hii inautegemea. Kwa hiyo siku tatu za mwanzo zilikuwa ngumu, na mgonjwa ajiandae.

Lawama yangu ni kipeperushi cha mapokezi kinachoahidi kwamba gegedu la goti, ile tishu laini inayofunika ncha za mifupa, litaota upya. Ahadi hiyo haifai kupewa mtu mwenye maumivu. Jaribio lililofanyika Australia kwa watu 288 wenye goti lililochakaa, na kuchapishwa mwaka 2021, lilionyesha kwamba baada ya miezi 12 plazima haikuyashinda maji ya chumvi yasiyo na dawa, yaliyotumika kama kipimo cha kulinganisha, si katika kupunguza maumivu wala katika kulinda gegedu. Daktari mwenyewe alinieleza hayo kabla sijatia saini, na uungwana huo ndio ulionifanya nimwamini, ingawa sielewi kwa nini kipeperushi bado kipo mezani.

Baada ya sindano ya tatu, kiuno kimetulia kiasi kwamba ninakaa kitako kwa saa mbili bila kuinuka. Goti limebadilika kidogo mno. Nitarudi kwa ajili ya kiuno peke yake, na goti nitaliendeleza kwa mazoezi ya misuli ya paja niliyofundishwa na mtaalamu wa fiziotherapia wa hapohapo.