Kibano cha kamera ndogo: taya nzuri, kichwa takataka, na muuzaji ndiyo balaa lenyewe

Nianze na maneno ya muuzaji, maana hayo khasa ndiyo yaliyonitia kalamu mkononi: "Mpe kijana wako akaze, bibie. Hii inataka mkono wa mwanamme."

Kayasema mbele ya wateja. Kibano kibovu kipo juu ya kaunta, risiti ninayo mkononi. Halafu akanipa mgongo, akamgeukia msaidizi wangu, mtoto wa juzi ambaye kazi yake ni kunibebea begi la betri, akaanza kumweleza yeye namna ya kufunga skrubu. Mie nimesimama pale kama pazia.

Jamani, kazi yangu ni video za harusi, upande wa kina mama ambako mpiga picha wa kiume hapiti mlangoni. Nimeshafunga kamera kwenye nguzo za mahema, kwenye vyuma vya mapazia, kwenye magrili ya madirisha. Eti leo nifundishwe kukaza skrubu na mtu anayeuza makava ya simu!

Kisa chenyewe ni hiki. Msimu wa kusi uliopita nilitakiwa kupiga resi za ngalawa kule Nungwi, na nahodha mmoja, mtu mzima wa heshima zake, akaridhia nifunge kamera ndogo kwenye mlingoti wake. Nikenda duka hilo la Darajani (silitaji jina, aliyekwisha kuumwa nalo atalijua), nikatoa 45,000. Bwana yule akaapa kibano ni stenlesi tupu, hata kikikaa baharini mwaka mzima hakipati kutu.

Taya zake, lazima niseme ingawa inaniuma, ni nzuri. Zimekatwa kwa pembe mfano wa herufi V, ndani zina raba nene. Mlingoti wa ngalawa si bomba, ni mti, huku mnene kule mwembamba. Taya bapa huugusa kila moja mahali pamoja tu, ukipata mtikisiko kidogo kibano kinaanza kuzunguka. Hizi za pembe zinaushika pande nne. Kutoka mwanzo wa resi hadi mwisho hazikusogea hata unywele.

Kilichoniumbua ni kichwa, ile sehemu yenye kigololi cha kuelekezea kamera. Nilipofungua video nikafurahi kwa dakika chache: tanga limejaa, wenzao wako nyuma, povu linaruka. Kisha picha ikaanza kuinama. Pole pole, pole pole, mpaka ikatazama chini moja kwa moja. Kutoka hapo ni miguu ya nahodha, upo wa kutolea maji, na maji ya ngama yanayochezacheza. Walipomaliza unasikia pwani nzima inapiga mayowe na vigelegele, na mbele ya macho yako kuna kidole gumba cha mguu. Hiyo ndiyo video niliyoahidi kuwapa watu.

Na hata hiyo isingepatikana lau si nahodha. Kabla ya kuondoka alikitazama kibano, akakitikisa, akaniuliza, "Mwanangu, na hiki kikifunguka?" Hakungoja jibu. Akatoa uzi wa mshipi, akaifunga kamera kwenye mlingoti kwa fundo lake mwenyewe. Waliporudi ufukweni kigololi kilikuwa kimechomoka kabisa na kamera inaning'inia kwa uzi ule.

Nikakifungua kichwa kwa bisibisi nyumbani. Meno ya skrubu yamejaa vumbi jeusi la plastiki. Ndani hamna nati, si ya shaba wala ya chuma. Skrubu inang'ata plastiki mbichi. Ikitikisika inasaga, mwisho unakaza na kitufe kinazunguka bure. Sasa niambieni, mkono wa mwanamme hapo ungefanya nini? Ungeyamaliza meno yale dukani kabla hatujafika Nungwi! Na hiyo stenlesi aliyoiapia, pini yake ilishaanza kutu kabla sijakirudisha.

Mtu ataniambia ningetumia kile cha kubandika kwa gundi. Kwenye chombo kilichopakwa sifa, yale mafuta ya papa? Gundi haishiki kwenye mafuta, na hata pakiwa pasafi GoPro wenyewe, watengenezaji wa kamera ndogo, wanataka uache saa 24 kabla ya kutumia. Rafiki yangu wa televisheni anacho kibano cha Manfrotto, ile 035, kinachoshika kuanzia milimita 13 hadi 55. Kitu cha maana, lakini kizito na bei yake inataka moyo.

Hapa ndipo ninapochanganyikiwa. Nilikipeleka kibano changu kwa fundi wa mashine za boti pale Malindi. Akatia nati ya shaba na bolti mpya, akapaka grisi, akaniambia nikioshe kwa maji baridi, yasiyo na chumvi, kila kikitoka baharini, kwa sababu stenlesi na aluminiamu zikikutana na chumvi, aluminiamu inaliwa mpaka inatoa unga mweupe na skrubu inaganda. Tangu siku hiyo nimekifunga kwenye boti za Kizimkazi na kwenye gari la harusi lililopita barabara za mashimo, na hakijainama. Kwa hiyo kibano ni kizuri? Kwa taya zile, ndiyo, nakitumia hadi leo na sina mpango wa kukitupa. Ukikiona mahali pengine, fungua kitufe cha kichwa pale pale kaunta uchungulie ndani. Ukiona shaba inang'aa, nunua. Muuzaji akikataa usifungue, ondoka.

Nilitaka kutoa nyota tatu. Lakini nikikumbuka lile "bibie"... moja. Na hiyo ni ya taya, duka halimo. Risiti ninayo, 45,000 zangu bado nazidai, pamoja na hela ya fundi.